Jina la Saba Katika Kiapo

Kompyuta ilisema imebadilisha majina saba. Karani alihesabu kwenye ukurasa, akaona sita.

Hakujali. Alikuwa na haraka ya mama mwenye mtoto wa miezi miwili. Mausi ya kompyuta ilikufa zamani, naye kila kitu alikifanya kwa kibodi, Kontrol na hiki, Kontrol na kile, mpaka wakili, bosi wake, akamwita Vidole. Katika ofisi ile hakuna aliyeandika kiapo kuanzia mwanzo. Unafungua kiapo cha mtu wa juzi, unanakili jina la zamani bila hata kulisoma, unabonyeza Kontrol na H, unaamuru libadilishwe kila lilipo, basi, mteja wa juzi anakuwa mteja wa leo. Leo jina jipya lilikuwa la karani mwenyewe. Mwanawe alizaliwa nyumbani, hana cheti, na msajili alidai kiapo cha mama.

Kabla hajafikiria, vidole vikabonyeza Kontrol na S. Hati ya zamani ikahifadhiwa ikiwa na jina lake.

Chumba kikanuka majivu yaliyomwagiwa maji. Kiti cha wageni, kilichokuwa kitupu, kikalia kama kiti kinachoachwa na mtu mzito. Mlango ukafunguka, ukajifunga taratibu, kwa adabu.

"Nani?" aliuliza karani.

Jua la saa kumi lilikuwa dirishani. Nje mtu alikuwa akibishana na fundi viatu. Karani akachukua mkoba, akafungua mlango, akapiga hatua moja, na mguu ukatua ndani ya chumba kilekile. Akacheka kidogo, kicheko kikavu. Akajaribu tena, safari hii akikimbia, akapita mlangoni na kujikuta anaingia kwa mlango uleule, akatoka akiwa amefumba macho, akatoka kinyumenyume, akatoka akitambaa huku amekumbatia mkoba, na kila alipotoka aliingia, na kila alipoingia meza ilikuwa mbele yake na kompyuta imewaka na jina lake likimtazama kutoka kwenye kioo.

Akarudi kitini. Akashuka hadi ukurasa wa pili, ambao hakuwa ameusoma. Jina la saba lilikuwa pale, juu ya mstari mmoja: *Naapa sitatoka katika chumba hiki maadamu jina langu limo humu.*

Akabonyeza Kontrol na Z. Hakuna kilichorudi nyuma. Akalifuta jina; likajiandika. Akaweka nafasi tupu badala yake. Kompyuta ikajibu: *Weka jina la mtu.*

Akapiga simu nyumbani. Mama mkwe alipokea kwa kunong'ona.

"Nani wewe?"

"Mama, ni mimi. Njoo ofisini, tafadhali. Nimefungiwa."

"Acha mzaha. Mkwe wangu yuko chumbani, karudi sasa hivi."

Nyuma yake mtoto alikuwa akilia, kilio cha kukataa.

"Mama, mchukue mtoto! Huyo si mimi!"

"Una sauti yake kweli," alisema mama mkwe. Kisha kilio kikakatika ghafla. "Umesikia? Kapewa ziwa, kanyamaza. Usipige tena hapa."

Simu ikakatwa.

Akampigia wakili.

"Bosi, kile kiapo cha juu kabisa kwenye orodha ni cha nani?"

"Vidole, hukukigusa. Niambie hukukigusa."

"Ni cha nani?"

"Mganga alikuja Jumamosi. Kuna jini lilikuwa linamwandama mteja wetu, yule aliyejifungua. Akaniambia majini ya siku hizi hayaogopi chupa, yanaogopa mhuri. Nilicheka, nikaandika. Akaliapisha likae humo."

"Linaitwaje? Nirudishe jina lake."

"Mganga alilinong'ona mara moja tu. Silikumbuki, haki ya Mungu. Yuko safarini, atarudi keshokutwa."

"Liko na mwanangu, bosi. Linamnyonyesha."

"Usiguse kitu. Subiri keshokutwa, tutapata njia. Unanisikia? Ukiweka jina la mtu mwingine utamfunga mtu asiye na kosa."

Karani alikuwa akimsikia. Alikuwa amebana simu kati ya sikio na bega, kama afanyavyo kila siku wakili anapomsomea barua, na mikono yake ilikuwa huru. Kidole kidogo cha kushoto kilishuka kwenye Kontrol. Cha kulia kikashuka kwenye H. Kisanduku kikafunguka, na kimstari kikaanza kuwaka na kuzima, kikisubiri.

Aliandika jina la kwanza la wakili, kisha la pili.

"Vidole? Mbona nasikia unachapa?"

"Jina lako la tatu, bosi," alisema karani polepole, kwa heshima. "Lile la kwenye kitambulisho. Ni nani?"