Kukana na Kukanusha

Kila asubuhi mama alimchoma Tone sindano ya insulini, kisha akamsimamia mpaka amalize uji. Siku ile mama aliitwa mlangoni, na Tone, kwa kuogopa kuchelewa, akaacha nusu bakuli. Dada yake, aliyebandikwa jina la Twiga kwa shingo yake ndefu, aliona, akanyamaza.

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Tone katika shule ya dada yake. Wakati wa mapumziko, Redio, msichana asiyejua kufunga mdomo, alimnong'oneza Twiga.

"Yule mtoto mpya ana kisukari. Ukinywea kikombe chake, umekwisha. Eti ni ndugu yako?"

Wenzake Twiga walikuwa wameshaanza kusogea mbali naye. Twiga akajibu haraka.

"Nani, yule? Simjui."

Muda si muda, Tone alianguka karibu na bomba. Jasho lilimtiririka, mikono ilimtetemeka, na maneno yake hayakueleweka. Mwalimu wa Kiswahili, aliyekuwa wa zamu, alipiga magoti.

"Jua limemzidi. Mpelekeni kivulini alale. Nani anamjua mtoto huyu?"

Twiga alikumbuka onyo la mama: sukari ikimshuka Tone akaachwa alale, huenda asiamke. Redio alikuwa anamkodolea macho. Kope za Tone zilianza kujifumba.

"Mwalimu, asilale," Twiga alisema. "Ana kisukari, hakumaliza uji. Sukari imemshuka. Ni mdogo wangu, baba mmoja mama mmoja."

Tone bado aliweza kumeza. Mwalimu alimkalisha, akamnywesha maji ya sukari kidogo kidogo. Twiga alihesabu kila funda kwa hofu, hadi mdogo wake alipoinua kichwa.

"Dada, mbona unalia?"

Twiga alimweleza mwalimu yote, Redio akiwa pale pale. Mwalimu hakugomba.

"Ulipoambiwa kisukari kinaambukiza, ulijua si kweli?"

"Nilijua."

"Basi hilo ndilo ulilopaswa kulikanusha. Kukanusha ni kusema habari fulani si ya kweli. Kukana ni kusema huyu si wangu. Uliuacha uongo ukaenda zake, ukamkana mdogo wako. Na sisi, bila kujua, tulikuwa tunamlaza."

Twiga alimgeukia Redio. "Kisukari hakiambukizi," alisema.

"Sasa umekanusha," mwalimu alisema. "Siku nyingine usingoje mtu aanguke."