Lango la Ochan

Haya yalimpata kaka yangu Nashon. Mengine niliyaona mwenyewe, mengine aliniambia akiwa na akili zake timamu, na sijawahi kumjua Nashon kuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Nina kihoteli Bukoto, hapa Kampala, nyuma ya magorofa, nauza chai na kikomando, ile chapati ya kukatwakatwa na kumwagiwa maharage. Sisi ni watu wa Bungoma, upande wa Kenya. Nashon ndiye aliyetangulia Kampala, akapata kazi katika duka la rangi kule Kawempe, kisha akanivuta na mimi. Na huko Kawempe ndiko alikopatia mapenzi ya Radi, timu ya mpira ya mtaa ule. Hakuoa, hakujenga, moyo wake wote aliuweka kwenye ile timu. Yeye ndiye aliyepiga ngoma nyuma ya lango kila mechi ya nyumbani.

Mchana mmoja nilikuwa nasukuma chapati, na mashabiki wa Radi wanabishana kama kawaida yao.

"Mdhamini ametoa pesa, gazeti limeandika," Nashon alisema. "Wachezaji hawajaona kitu. Nauliza tu, zimeingia mfuko gani?"

Obura, muuza viatu vya mitumba, Mkenya mwenzetu, siku zote alikuwa mtu wa mwenyekiti wa timu. "Ndugu yangu, huyo mzee ndiye anaibeba Radi mgongoni. Leo akichoka, kesho tunacheza na timu za shule."

"Na wale watu wanaopima uwanja kwa kamba, ni wa nini?"

"Maneno ya mtaani hayo."

"Haya, ambulensi ya pale getini? Nimechungulia ndani, Obura. Hakuna kitanda. Hakuna hata dereva."

Obura alicheka. "Sheria inataka gari, gari lipo. Refa akiliona, anapuliza kipenga. Unataka nini tena?"

Watu wakacheka. Pembeni alikuwa amekaa Ochan, kipa wetu, anakula taratibu. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mtoto wa pekee wa Adyero, mjane wa askari polisi kutoka Kitgum. Mama na mwana walikuwa wamepanga chumba chini ya kilima cha Naguru. Nashon akamgeukia.

"Ochan, wewe umelipwa?"

Ochan alitabasamu tu. "Kaka, mimi nafunga lango. Hiyo ingine ni ya wakubwa."

Jumamosi iliyofuata alikufa.

Mshambuliaji wa wageni alikuja mbio, Ochan akaruka kuufuata mpira, goti la yule mtu likampiga kifuani. Mpira uliendelea ukavuka mstari, ukaingia. Hakuna aliyeshangilia, hata wageni. Ochan alikuwa amelala kifudifudi, mikono ameinyoosha mbele.

Walikimbilia ambulensi. Ilikuwa imefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo hakujulikana. Basi wakampandisha kwenye bodaboda, mwendesha boda mbele, Ochan katikati, na Nashon nyuma akimshikilia. Walipofika Kalerwe magari yalikuwa yamesimama kabisa. Nashon aliniambia kwamba pale, katikati ya honi na vumbi, Ochan aliinua kichwa kidogo akauliza:

"Imeingia?"

"Haijaingia," Nashon akamjibu. "Umeiokoa."

Ochan akashusha pumzi. Hakuvuta nyingine. Nashon alimshikilia vile vile hadi hospitali, kichwa cha kijana kimeegemea begani kwake kama mtoto aliyelala safarini.

Adyero aliomba kitu kimoja tu kwa viongozi: glavu alizokuwa amevaa mwanawe. Walimwambia zimepotea kwenye vurugu. Akaenda kumzika Kitgum bila hizo.

Wiki ile hotelini kwangu hapakuwa na ubishi. Hata Obura alikubali kwamba mwenyekiti lazima aitwe mbele ya wanachama, aeleze habari za gari lile na pesa zote. Walikubaliana kususia mechi. Nashon aliilegeza ngoma yake, akaifunika kwa gunia.

Kisha Radi ikaanza kushinda.

Mechi ya kwanza baada ya msiba ilikuwa na watu wachache. Ya pili walikuwa wengi. Timu iliyokuwa inafungwa kama kichwa cha mwendawazimu, sasa haikuruhusu bao hata moja kwenye uwanja wake. Mipira iliyokuwa inaelekea wavuni ilipinda. Penalti ziligonga mwamba. Kipa mpya, Ojera, akawa anaimbwa mpaka kwenye baa. Na kadiri timu ilivyopanda, ndivyo maswali yalivyopungua. Siku moja nilimuuliza Obura ule mkutano na mwenyekiti utakuwa lini.

"Nasike, dada yangu," alisema huku anatafuna, "usichokoze nyuki wakati asali inatiririka."

Nashon alirudi uwanjani, lakini si kwa furaha. Alirudi kwa sababu ya Adyero. Yule mama alikuwa anakuja kila mechi ya nyumbani, anakaa chini kwenye nyasi nyuma ya lango la upande wa barabara, lile lile alipoangukia Ochan. Hapigi makofi. Haangalii mchezo. Anaangalia lango tu.

Siku moja jua lilikuwa kali. Nashon aliketi karibu naye.

"Mama Ochan, kwa nini unajitesa?"

Akajibu kwa Kiswahili chake cha kambi ya polisi, sauti ya chini. "Wanamchosha. Mtoto yangu hajalala."

"Nani anamchosha, mama?"

"Wewe nyamaza. Sikiliza."

Mpira ulipigwa kutoka mbali. Ojera alikuwa amesimama upande mwingine kabisa, hata hakuruka. Mpira ukaja moja kwa moja, chini, kwenye kona. Nashon akasikia sauti. Pa! Ni sauti ya viganja vikipokea mpira. Ukasimama hewani kidogo, kisha ukaanguka mbele ya mstari na kutulia. Uwanja mzima ukalipuka kwa kelele. Nyuma ya kelele hizo, karibu sana na sikio lake, Nashon alisikia mtu akihema. Alihema kama mtu aliyechoka kupita kiasi.

Adyero alikuwa amefunika mdomo kwa leso. Machozi yalimtiririka bila sauti.

Siku chache baadaye Ojera alikuja hotelini, akamwita Nashon kando. Alikuwa amekonda. Alikuwa na begi lake la nguo.

"Kaka, mimi naenda kwetu. Sidaki mpira mimi. Nasimama tu. Nikitaka kuruka, kuna mtu ananisukuma pembeni."

"Umewaambia viongozi?"

"Wanajua!" Akatazama nyuma, akapunguza sauti. "Siku ya kwanza walinionyesha mahali katikati ya lango. Wakasema, hapa usikanyage hata kidogo. Kuna mzee waliyemleta. Sijui walizika nini. Uwanja wote umekauka, Kaka, lakini pale ni majimaji."

Aliondoka bila kumaliza chai. Mechi iliyofuata beki alivaa jezi ya kipa, na bado mpira haukuingia. Watu walisema ni maajabu ya Mungu.

Nashon alikaa siku mbili tatu bila kula vizuri. Nilijua alichokuwa anapigana nacho. Radi ilikuwa inakaribia kombe ambalo hawajawahi kulishika tangu timu ianzishwe. Maisha yake yote ya Kampala alikuwa amelingojea.

"Nikikichimbua kile walichozika," aliniambia, "nimeua timu yangu."

"Na usipokichimbua?"

Asubuhi iliyofuata alichukua jembe langu la bustani, akapitia Naguru kumchukua Adyero.

Walifika uwanjani mchana, mvua inanyesha, wachezaji wamepewa mapumziko. Mlinzi wa geti, mtu wa kwao Adyero, aliwaona akageuza uso. Nashon alipiga jembe katikati ya lango. Udongo ulikuwa laini. Ulikuwa vuguvugu. Mvua ile ilikuwa baridi, lakini udongo ulikuwa vuguvugu kama kitanda ambacho mtu ametoka sasa hivi.

Hakuchimba sana. Jembe liligusa kitambaa chekundu. Akapiga magoti, akakifungua.

Zilikuwa glavu za Ochan.

Hazikuwa zimeoza. Zilikuwa zimejaa, kama zina mikono ndani. Vidole vilikuwa vimekunjwa, vimeng'ang'ania kitu kisichoonekana. Nashon alizishika ili azitoe. Moja ikafumba. Ikamshika mkono.

Hakupiga kelele. Aliniambia kwamba haikumshika kwa ubaya. Ilimshika kama mgonjwa anavyoshika mtu aliyekuja kumwona. Mvua iliendelea. Nyavu zilitikisika, na upepo haukuwapo. Yule anayehema akaanza tena, mbele yake, juu kidogo ya kichwa chake, kwenye urefu wa mtu aliyesimama.

Adyero akanong'ona, "Mwambie. Wewe ndiye alikuwa na yeye mwisho."

Hapo Nashon akaelewa. Akalia, akasema mbele ya lango lile tupu:

"Iliingia, Ochan. Nilikudanganya, ndugu yangu. Iliingia. Mechi imekwisha. Nenda kalale."

Kuhema kukakoma.

Vidole vikalegea. Glavu zikawa nyepesi, kitambaa na mpira tu. Adyero akazichukua, akazikausha kwenye gauni lake, akaziweka kifuani. Kesho yake walipanda basi la Kitgum wote wawili, wakazizika kwenye kaburi la Ochan, upande wa mikono yake. Adyero alilala usingizi siku hiyo, Nashon alisema, tangu saa za chakula cha mchana hadi asubuhi, kama mtu aliyelipwa usingizi wa mwaka mzima.

Jumamosi Radi ilifungwa. Ikafungwa tena. Ikafungwa na timu ambazo zilikuwa zinatuogopa, mpaka kombe likaenda kwa wengine. Mlinzi wa geti alipobanwa, alisema alichoona. Siku hiyo Obura na wenzake walikuja hotelini, hawakukaa chini.

"Yuko wapi kaka yako? Ametuua!"

"Aliyekufa ni mmoja, Obura," nikamwambia. "Na jina lake unalijua."

Aliinama, akageuka kuelekea mlangoni. Nilidhani maneno yamemwingia. Lakini alipotoka, nilisikia wanapiga kitu kwa miguu nje. Ilikuwa ngoma ya Nashon, waliikuta barazani. Waliipasua ngozi, wakaiacha kwenye mtaro.

Nashon hakuwagombeza. Hakuna aliyemsalimia tena Kawempe. Wateja wa duka la rangi walianza kumpita wakienda kwa mwenzake. Jamaa aliokaa nao nyuma ya lango miaka yote, waliokuja kumsaidia kumzika mama yetu Bungoma, walikuwa wakimwona wanavuka barabara. Mwisho alifunga mizigo. Nilimsindikiza hadi stendi ya mabasi, tukasimama kama watu wasiojuana, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajizuia kulia. Sasa analima mahindi kwetu. Nikimpigia simu tunaongea habari za mvua, mbolea, watoto wa dada yetu. Mpira hauulizii, nami simwambii.

Msimu uliofuata Radi ilishuka daraja, na ilipofungwa ndipo watu wakakumbuka kuuliza tena. Walikwenda ofisini kwa mwenyekiti na mabango. Walikuta milango imefungwa. Uwanja ulikuwa umeshauzwa, na mwenye kuuza hayupo nchini. Obura mwenyewe alikuja kunipa habari hizo. Alikaa pale pale alipozoea kukaa, akaagiza chai, akaiacha ikapoa.

"Nashon alituuliza mapema," alisema.

Nikamgeuzia mgongo. Nilikuwa na chapati kwenye moto.

Pale uwanjani sasa wanajenga maghala. Mwezi uliopita Adyero alinipitia, akaniomba nimsindikize akaone mara moja kabla hawajaziba kila kitu. Lango la upande wa barabara halipo. Ukuta mrefu umepita juu ya mahali pake. Fundi alitupokea vizuri, mtu wa heshima, na alipojua yule mama ni nani, akaweka mwiko wake chini. Kisha akatuita ndani.

"Nyabo, mama yangu, mimi nimepiga plasta hapa mara nne," alisema. "Nalainisha vizuri, nafunga, naenda. Asubuhi nakuta hii."

Juu, mahali ambapo ungekuwa mwamba wa lango, kulikuwa na alama za viganja viwili ukutani. Vilikuwa vikubwa, vidole vimetanuka. Havikuwa vimebonyea ndani kama vya mtu aliyegusa plasta mbichi. Vilikuwa vimetokeza nje, kama vya mtu aliye ndani ya ukuta ambaye bado analinda lango lake.

Adyero aliomba ngazi. Fundi akaishikilia, mimi nikashikilia gauni lake asianguke. Alipanda polepole, akafika, akaweka kiganja chake juu ya kimoja. Kilikuwa kidogo sana ndani ya kile kingine. Alikaa hivyo muda mrefu, paji la uso limeegemea ukuta, akisema kitu kwa Kiacholi, kwa sauti ile mama anayotumia kumwimbia mtoto.

Plasta ilikuwa imekauka kabisa. Niliigusa mwenyewe, ikaniachia vumbi vidoleni.

Aliposhuka, kiganja chake kilikuwa kimeloa jasho la moto. Halikuwa lake.