Aliyelala Upande wa Kushoto

Siku ya tatu tangu wahamie ndani ya gari, Gasto aliweka kikombe cha chai juu ya meza ndogo, kikombe kikaanza kutembea chenyewe, polepole, kuelekea upande wa kushoto, mpaka kikamwagikia kitanda cha Maureen.

Lilikuwa gari la kambi, lenye vitanda, jiko na sinki, alilolinunua kwa mjane mmoja wa Woodbury baada ya jengo la fleti walimokuwa wakiishi huko ughaibuni kuungua, Septemba 1996. Walikuwa watatu: yeye, mkewe Haika aliyefanya kazi ya kutunza wazee, na Maureen, binti yao wa miaka sita. Eliakim, rafiki yao Mkenya wa Brooklyn Park, aliwaruhusu kuliegesha nyuma ya nyumba yake. Ndani ya nyumba hakukuwa na nafasi. Ndugu zake saba walikuwa wakilala sebuleni. Kwa hiyo gari ndilo lililokuwa nyumba yao, na theluji ilikuwa njiani.

Gasto alikuwa fundi tangu Moshi, na gari bovu halikuwa kitu cha kumtisha. Alipima upepo wa matairi, ukawa sawa. Akapima kwa futi kutoka ardhini hadi kwenye bodi, juu ya magurudumu: kushoto kulikuwa chini kwa inchi mbili.

"Springi imechoka," akamwambia Haika.

Akabadilisha springi. Akabadilisha shokapu zote mbili, akakaza kila nati. Aliposhusha jeki gari lilikaa sawa kwa muda mfupi tu, kisha, bila mtu yeyote ndani, springi mpya ikalia na upande wa kushoto ukashuka taratibu, kama mtu mzima anapojilaza.

Asubuhi iliyofuata Maureen aliamka akikohoa. Haika alimpapasa, akakuta ubavu mmoja una joto na mwingine baridi kama nyama ya kwenye friji. Blanketi lilinuka udi na mwani uliooza.

"Umelalaje, mwanangu?"

"Ananibana," Maureen akajibu kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa, lakini hakuwahi kukisema.

"Nani anakubana?"

Mtoto akaonyesha ukuta.

Daktari alisikiliza mapafu yake, akasema ni mazima. Wiki ikapita. Maureen alikonda mpaka suruali zikawa zinamvuka, na gari likazidi kuinama.

Gasto akatoa kila kitu ndani ya gari, magodoro, sahani, mtungi wa gesi, akaliendesha mpaka Inver Grove Heights, kwenye mizani ya malori kando ya mto. Alipima magurudumu ya kulia peke yake, kisha ya kushoto. Kushoto kulizidi kwa ratili tisini.

"Umesahau mtu humo ndani," mwenye mizani akamtania.

Gasto alifungua mlango akachungulia. Hakukuwa na kitu. Aliporudi kutazama, ile ziada ilikuwa imefika ratili mia na kumi, na namba zilikuwa bado zinapanda. Yule mzungu akaacha kucheka. Akamwomba aondoe gari lake pale.

Kutoka hapo Gasto hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja Woodbury kwa Lois, yule mjane. Lois alifungua mlango nusu.

"Limeinama tena?" akauliza kabla Gasto hajasalimu.

"Kuna nini ndani ya gari lile?"

Mama yule akashika fremu ya mlango. Mumewe, alieleza, aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga. Akarudi na kiti cheusi alichokinunua kwa familia ya mganga mmoja aliyefariki. Kiti kilipovunjika hakutaka kukitupa. Mbao zake alizifanya chaga za kitanda cha kushoto.

"Alilala pale kiangazi kizima. Akakonda. Akawa anaongea lugha yenu usingizini. Siku moja hakuamka."

"Kwa nini hukuniambia, mama? Nina mtoto!"

"Ungelinunua?" akasema Lois, akaanza kulia, akafunga mlango.

Jioni ile Gasto aling'oa zile chaga kwa nyundo, akazichoma uani kwa Eliakim. Gari halikuinuka. Ila Maureen, aliyekuwa amekaa akinywa supu, aliinama kushoto mpaka shavu likagusa godoro, na hakuweza kuinuka tena.

Haika akakimbia kwa Peris, mwenzake wa kazini, akamsimulia yote. Peris alikuwa Mkenya wa Kwale, na mama yake alikuwa akipunga pepo. Alipopanda ndani ya gari na kumwona mtoto, sauti yake ikashuka.

"Mmemchomea pepo kiti chake. Sasa anamtaka huyu mtoto ndiye awe kiti."

"Dada Peris, sina pengine pa kwenda," akanong'ona Haika. "Fanya lolote."

Peris aliweka ubani kwenye makaa ndani ya sufuria, akamnyunyizia mtoto marashi, akaanza kumwita mgeni yule kwa maneno ya mama yake, na moshi ukajaa, madirisha yakafunikwa na ukungu, theluji ya kwanza ikaanza kutua juu ya bati huku springi za kushoto zikilia tena na tena, kila mlio mrefu kuliko uliopita, mpaka Gasto akahisi sakafu inazama chini ya miguu yake na mdomo wa Maureen ukafunguka, bila macho kufunguka.

"Nimechoka kusimama," ikasema sauti ya mwanamke mzima, kwa Kiswahili cha Pwani. "Nipeni pa kukaa."

"Kaa kwenye jiwe. Kaa kwenye maji," akasema Peris.

"Nakaa penye damu ya moto."

Haika alikuwa amepiga magoti, amemshika mtoto miguu, baridi ikimpanda mpaka viwiko.

"Kaa kwangu," akasema Gasto.

"Baba Maureen, nyamaza!" Haika akapiga kelele.

"Muache mtoto. Mimi nina nguvu, nitakubeba. Nakukaribisha. Kaa."

Springi zikaachia kwa kishindo. Gari likainuka, likasimama sawa kwa mara ya kwanza, na magoti ya Gasto yakakunjika akaanguka chini.

"Mama," Maureen akasema kwa Kiingereza, "nina njaa."

Mara tatu Peris alijaribu kumtoa pepo yule kwa Gasto, mara tatu akashindwa. Gasto akapanga chumba peke yake Saint Paul. Haika na mtoto wakapata fleti katikati ya baridi. Kila Jumamosi mchana Gasto alikuja, akasimama mlangoni na kunywa chai akiwa amesimama, mgongo umepinda.

"Karibu ukae, baba Maureen," Haika akamwambia.

"Nikikaa, naye atakaa. Na akikaribishwa hapa hatatoka."

Maureen hakuambiwa lolote. Jumamosi moja ya Machi alimwonea baba yake huruma. Akaburuta kiti kutoka jikoni, akakiweka karibu naye. Kisha akarudi, akaburuta na cha pili.

"Hiki cha nani?" Haika akauliza.

"Cha yule bibi aliye mgongoni kwa baba. Nimemwambia akae."

Gasto akanyoosha mgongo. Ulinyooka wote, bila maumivu, na kikombe kikamtoka mkononi. Haika akakimbilia kile kiti cha pili akitupe nje dirishani. Akakishika kwa mikono miwili, akavuta kwa nguvu zake zote, lakini kiti hakikuinuka.