Kidonge na Kikombe cha Kwanza

Nikiri mapema: nilipoanza kuandika hadithi hii, sentensi yangu ya kwanza ilimwita msichana huyu Kobe, kama walivyomwita wote. Nikaifuta haraka. Utaona kwa nini. Humu tutamwita binti tu.

Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwao waliuza maziwa. Kila alfajiri wafugaji waliteremsha madumu mlangoni, na baba akayapima moja moja kwa kijiti cha kioo kinachoelea. Kijiti kikizama kupita alama, maziwa yametiwa maji, na mwenyewe anarudishwa nayo bila maneno mengi. Mama aliyachuja kwa kitambaa cheupe, akayachemsha. Kaka aliosha chupa huku akilalamika. Wateja wakishajipanga dirishani, kila mtu wa nyumba ile alikunywa kikombe kimoja kutoka sufuria ya kwanza, mbele ya macho yao. Ndiyo ilikuwa sheria ya baba. Muuza maziwa asiyekunywa maziwa yake, alisema, ana siri na bomba la maji.

Kazi ya binti ilikuwa upawa. Yeye ndiye aliyewapimia wateja, na mkono wake haukumwaga tone. Lakini mwaka ule mkono ukawa mzito. Alisikia baridi hata jua likiwaka, sweta halimtoki mwilini. Nywele zilibaki kwenye kitana, ngozi ilimkauka, na darasani alisinzia mdomo wazi. Kaka alipomwona amejikunyata ndani ya sweta, shingo haionekani, akamwita Kobe. Fundi viatu, mteja wa kwanza kila siku na mtani wa mtaa mzima, akalidaka jina hilo. Na jina likishapita mdomoni mwa fundi viatu, ujue limeshafika mtaa wa pili.

Hospitalini walimtoa damu, na ugonjwa ukaonekana. Daktari alieleza kwamba shingoni kuna tezi ndogo inayouamuru mwili uende kasi au polepole, na ya binti ilikuwa imelegea, haitoi amri ya kutosha. Atameza kidonge kila siku, na baada ya wiki kadhaa damu ipimwe tena, ijulikane kama dawa inatosha. Kisha baba alimtuma binti akashike foleni kwenye dirisha la dawa, yeye akabaki kusikiliza maelekezo. Njiani akamwambia, "Kimoja kila asubuhi. Basi."

Binti akafanya hivyo hivyo. Kila asubuhi, kidonge juu ya ulimi, kikombe cha kwanza juu yake, kimeshuka.

Hali haikubadilika. Waliporudi kupima, daktari alikuwa likizo. Msaidizi wake alitazama majibu, akasema damu iko vile vile, akauliza kama mtoto anameza dawa kweli. Akawapa siku ya kurudi.

Swali lile moja lilitosha. Baba alimgeukia binti pale pale kwenye benchi, watu wakisikia.

"Unavitupa wapi?"

"Sivitupi."

"Damu haidanganyi."

"Na mimi sidanganyi, baba."

Walipofika nyumbani, baba alimnyang'anya upawa akampa kaka. Katika nyumba isiyotia maziwa maji, alisema, mwongo hasimami dirishani. Akatoa na amri nyingine: tangu kesho kidonge kitamezwa mbele yake, pale pale mbele ya foleni, na baada ya hapo binti afungue mdomo ukaguliwe.

Ikawa hivyo. Asubuhi baba alimshika kidevu kama mtu anayekagua meno ya ng'ombe mnadani, na fundi viatu akanyoosha shingo kutoka dirishani.

"Kobe, hebu inua ulimi tuone. Kobe ana mifuko mashavuni, huyu."

Foleni ikacheka. Kaka, upawa mkononi, akacheka kuliko wote na kumwaga maziwa mezani.

Hasira zilimpanda binti kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni, ila yeye hakuwa na pa kumwagikia. Aliacha kuzungumza na baba yake. Akitaka daftari, alimwambia mama amwambie huyo mwenye duka kwamba daftari limejaa, na huyo mwenye duka amekaa hapo hapo anamsikia. Mama alijaribu kumtetea. Mtoto huyu, alisema, tangu azaliwe hajawahi kuficha hata kijiko. Baba akajibu kwamba huruma ndiyo inayoharibu watoto.

Asubuhi moja binti alijiuliza kwa nini asikiteme tu. Akishaitwa mwongo bure, si bora adanganye? Alikisogeza kidonge pembeni ya shavu, akautazama mtaro wa maji machafu pale nje. Kisha akakimeza. Hakukimeza kwa ajili ya baba. Alitaka siku ya kupimwa ifike, na huyo mkaguzi wa midomo awe shahidi wake mwenyewe.

Siku ikafika. Daktari alikuwa amerudi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Aliyasoma majibu, akayarudia, uso ukamkunjamana. Bado yalikuwa mabaya.

Binti hakungoja kuulizwa. "Sema sasa, baba. Mwambie daktari ninavitupa wapi."

Baba alitazama viatu vyake. Polepole akasema kwamba havitupi. Kila asubuhi amekuwa akimwona kwa macho yake mawili.

"Unakimeza na nini?" daktari akamuuliza binti.

"Na maziwa. Kikombe cha kwanza. Ni sheria ya nyumbani."

Daktari aliweka kalamu chini. Akaeleza taratibu kwamba maziwa yanaikamata dawa hii tumboni, isipenye kwenda kwenye damu inavyotakiwa. Imezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, na asile kitu mpaka ipite saa nzima. Maziwa yangoje mpaka atakapotoka shule. Na hata siku atakapojisikia mzima kabisa, asiache dawa wala asijipunguzie. Damu ndiyo itakayosema kama kipimo kibadilishwe, na daktari ndiye atakayekibadilisha.

"Damu haikusema kwamba mtoto hamezi," alimalizia. "Ilisema dawa haijafika. Haya yote niliyasema siku ya kwanza, mzee. Nilikuuliza kama umeelewa."

Siku ile ya kwanza walikuwa wawili tu mle ndani, daktari na baba. Binti aliuona mdomo wa baba ukifunguka na kufungika, unatafuta mlango wa kutokea. Angeweza kusema hakuambiwa, na hakuna ambaye angemkatalia isipokuwa daktari.

"Ulisema," baba akajibu mwishowe. "Mwenye hoteli tunayemuuzia maziwa alikuwa amenipigia, simu nilikuwa nayo sikioni. Uliponiuliza kama nimeelewa, nikaitikia ndiyo. Sikuwa nimesikia hata nusu."

"Kwa hiyo mwongo alikuwa wewe," binti akasema.

"Ndiyo," akasema baba.

Tangu siku hiyo, binti akiamka alikuta glasi ya maji mezani, imefunikwa kisahani. Baba ndiye aliyeiweka. Binti alikunywa, hakusema asante. Wateja walipouliza mbona huyu hanywi kikombe cha kwanza, baba aliwajibu kwa mkato kwamba ni amri ya daktari. Upawa ulibaki kwa kaka, na meza ikabaki kulowa. Binti hakuuomba. Hasira yake haikuwa ya siku moja, na wala hakuona sababu ya kuiharakisha.

Lakini mwili ulianza kurudi. Kwanza aliacha kusinzia kwenye hesabu. Kisha sweta likabaki msumarini siku nzima na hakuna aliyelikumbuka. Walipokwenda kupima tena, daktari aliyasoma majibu mara moja tu, akacheka. Dawa imefika, alisema.

Kesho yake alfajiri, foleni ikiwa imejaa, baba alifunika sufuria ya kwanza kabla mtu hajachotewa. Wateja wakadhani maziwa yameharibika.

"Nilimwaibisha mtoto wangu hapa hapa mbele yenu," alisema, "kwa hiyo na haya nitayasema hapa hapa. Hakuwahi kutupa kidonge. Maziwa ya wafugaji nayapima kabla sijasema neno, lakini yeye nilimhukumu kabla sijamuuliza swali. Daktari aliponieleza, sikusikiliza, nikasema nimeelewa. Nanyi watoto mlio kwenye foleni, mshike hili. Ukiulizwa kama umeelewa na hujaelewa, sema hujaelewa. Aibu yake ni ya dakika moja. Ile 'ndiyo' yangu moja ilimfanya mtoto augue miezi, tena akiitwa mwongo. Na lile jina mlilompa, tusilisikie tena hapa."

Akauchukua upawa mkononi mwa kaka, akamnyooshea binti.

"Bado nina hasira, baba."

"Unayo haki. Kaa na hasira zako mpaka ziishe zenyewe. Nitangoja."

Binti aliupokea. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyoukumbuka.

Fundi viatu, ambaye alikuwa wa kwanza kama kawaida, akasukuma chupa yake dirishani. "Haya, hotuba tumeisikia, chai inaningoja. Kobe, nipe lita moja."

Mama aliendelea kuchuja. Kaka aliinamia beseni, akasugua chupa iliyokwisha kutakata. Baba alikuwa anatazama dari kama mtu anayetafuta mahali panapovuja. Binti alichota, akajaza upawa mpaka ukingoni, akammiminia mwanamke aliyekuwa wa pili kwenye foleni bila kumwaga tone. Kisha wa tatu.

Chupa ya fundi viatu ilibaki pale dirishani, tupu.

"Kobe," alirudia, sauti imepungua, "naomba lita moja."

Binti akamwita wa nne.