Maji Hayajui Kusini

Mvua ilipokatika, mwoka mikate alimkuta mama yake juu ya kitanda. Miguu ameikunja, mkoba wa nguo uko mapajani. Sakafu yote ilikuwa maji.

"Mwanangu, nahamia kwa dada yako," alisema mama. "Nikikaa hapa nitaota mapezi."

Mke wa mwoka mikate aliushika ule mkoba. "Mama, huendi! Nani atanicheka nikiunguza chakula?"

Mwoka mikate aliumia moyoni. Alimpenda mama yake. Na mfereji wa maji ya mvua alikuwa ameuchimba mwenyewe, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ulianzia mlangoni kwa mama, ukaelekea kusini. Maji yalikuwa yameufuata huo huo mfereji kuingia ndani.

Wakamwita dada wa mke wake, fundi ujenzi. Alipouona mfereji, alicheka kwanza.

"Shemeji, kwa nini kusini?"

"Mto wa kwetu nilikozaliwa unakwenda kusini. Hata kwenye ramani, kusini ni chini."

"Hiyo ni karatasi, shemeji. Tuiulize ardhi."

Fundi alijaza maji kwenye mpira mwembamba unaoonyesha ndani. Mwoka mikate alishika ncha moja mlangoni. Fundi alishika nyingine mwisho wa mfereji.

"Maji ya ncha zote mbili yako usawa mmoja," alisema fundi. "Kwako yamefika wapi?"

"Kifuani."

"Kwangu kiunoni, na kimo chetu ni kimoja. Basi mimi nimesimama juu, wewe uko chini. Umeyaambia maji yapande!"

"Na mto wa kwetu?"

"Kwenu milima iko kaskazini, ndiyo maana mto unashukia kusini. Maji hayajui kusini. Yanajua juu na chini tu. Hapa milima iko wapi?"

"Kusini."

"Na mto unaouvuka kila siku ukienda kuoka, unaelekea wapi?"

Mwoka mikate alikuna kichwa.

"Kaskazini!" mama alipaza sauti kutoka kitandani. "Mimi mgeni nimeuona. Mwenyeji anawaza mikate tu."

Wote walicheka, na mwoka mikate pia.

Walifukia mfereji wa zamani, wakachimba mwingine kuelekea bondeni. Safari hii walipima kwanza.

Mvua iliponyesha tena, mama alisimama mlangoni. Maji yalipita mbele yake, yakashuka zake. Sakafu ilibaki kavu.

Akatoa nguo zake zote, akampa mkwewe mkoba mtupu.

"Nitundikie huko juu, mwanangu. Siendi kokote."