Picha Iliyochaguliwa Kwenda Tokyo

Weka mkono kifuani uape: haya hayatatoka mdomoni mwako. Hata mimi niliapa, tena mbele ya padri, na tazama sasa ninavyokusimulia.

Hapa kwetu Tigua tunachora milima juu ya ngozi ya kondoo, kwa brashi za nywele zetu wenyewe. Jumatatu moja, tunamenya viazi, mtu wa wizara akafika kutoka Quito. Alitaka picha moja tu, ikatundikwe ubalozini Tokyo, Wajapani waione nchi yetu waipende. Akachagua ya jirani yangu Delfina: mlima Cotopaxi na theluji yake, korongo, na Delfina mwenyewe, mdogo kama punje ya shayiri, mlangoni kwake.

Ya marehemu mume wangu hakuitupia hata jicho. Niliumia, sikufichi. Lakini Zoila, binamu yake Delfina na ndiye aliyemfundisha kuchora, alicheka hadi machozi.

"Hongera, shoga! Njoo nikusuke, usiende kupigwa picha na kichwa kama simbilisi aliyenyeshewa."

Akamsuka. Kisogoni akanyofoa kishungi cha nywele.

Jumanne, Delfina wa kwenye picha hakuwa mlangoni. Alikuwa njiani.

"Bibi," Delfina akaninong'oneza, "mimi sikumchora hapo."

Jumatano alikuwa ameacha njia. Alhamisi alifika ukingoni mwa korongo, na Delfina wangu akawa hawezi kusimama bila kushika ukuta.

"Mfute," nikamwambia.

"Nikimfuta, bibi, si nimejifuta mwenyewe?"

Ijumaa kijiji kizima kikakusanyika kuiaga picha. Ilikuwa imefunikwa shuka. Mtu wa wizara anahutubia. Ghafla Delfina akaishika shali yangu.

"Bibi. Nasukumwa."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Nikatazama mbele. Zoila kasimama kando ya picha, anatabasamu. Mkono wake wa kulia uko chini ya shuka.

Miguu yangu mibovu, mikono bado. Nikaivuta ile shuka.

Mkono ulikuwa umezama ndani ya ngozi hadi kwenye kifundo. Mle ndani, vidole vidogo kama miguu ya siafu vilikuwa mgongoni mwa Delfina.



"Nilikuwa... napangusa vumbi," alisema Zoila.

Akauchomoa. Delfina akaiachia shali yangu. Kiganjani mwa Zoila kulikuwa na brashi ya nywele ndefu nyeusi, na kwenye vidole, theluji.

Saa sita mchana, jua la utosi. Tuliitazama sote. Haikuyeyuka.