Dawa Isiyotaka Mwanga

Saa 2:10 asubuhi. Tala.

Kazi ilipangwa kwenye stoo ya hadwea ya Bartholomew, mlango umefungwa, harufu ya rangi ikiwakaba koo. Watu wanne. Bartholomew, mkubwa wao, alikalia mfuko wa simiti. Musili, dereva, alitafuna miraa. Nzau alisimama. Winfred, msichana wa maabara ya hospitali, ndiye aliyeongea.

"Gari la hospitali linapita Mlolongo saa nne. Sanduku moja la barafu. Chupa kumi na mbili."

"Ndani kuna nini hasa?" Musili aliuliza.

"Nukta kwanta. Vumbi dogo sana, limebebeshwa dawa. Likidungwa linajikusanya kwenye uvimbe wa kansa. Daktari anamulika hapo na taa maalum ya zambarau, vumbi linang'aa nyekundu, dawa inafunguka, kinga ya mwili inashtuka na kuanza kupigana." Alimtazama kila mmoja. "Inafunguka mara moja tu. Chupa ikimulikwa huku nje, imekwisha. Sanduku lisifunguliwe."

"Na nitajuaje si maji?" Bartholomew aliuliza.

"Utaniamini."

Mkubwa alicheka. Jambazi amwamini mtu? Thubutu!

Chupa kumi na moja zilikuwa na mnunuzi. Moja ilikuwa ya Nzau, na hakutaka kitu kingine. Mkewe, Kasiva, alikuwa na kansa ya titi. Majaribio ya dawa hii yalichukua wagonjwa kumi na wawili, yeye akaachwa nje. Winfred ni mdogo wake Kasiva. Ndiyo maana aliuza siri ya kazini. Wale kumi na wawili hakuna aliyewataja.

Saa 4:45. Barabara ya vumbi, karibu na Kinanie.

Musili aliziba njia na pikapu. Nzau akamwekea dereva wa hospitali bastola sikioni. Mzee wa watu, shati limepigwa pasi.

"Kijana, kuna wagonjwa wananingoja na hii."

"Hata mimi niko na mgonjwa."

Dakika tatu. Hakuna risasi. Walimfunga kamba, wakamwacha kivulini.

Saa 6:20 mchana. Tala.

Bartholomew alibeba sanduku mwenyewe, akaingia nalo stoo. "Nyinyi badilisheni namba za gari," alisema. Nzau alikaza skrubu mbili, akashtuka. Mbona amejifungia? Akaupiga mlango teke.

Mkubwa alikuwa ameinamia ile taa ya zambarau wanayokagulia noti bandia pale kaunta. Chupa zote zimepangwa chini yake. Zinang'aa nyekundu, tena nyekundu ya kupendeza, Mungu atusamehe.

"Ni orijino!" Bartholomew alisema, meno yote nje. "Nilidhani huyo shemeji yako ametuchezea."

"Umezimulika zote?"

"Zote. Mimi siuziwi mbuzi kwenye gunia."

"Si uliambiwa zitakufa!"

"Mnunuzi atajulia wapi? Si zinang'aa?" Akamsukumia chupa moja. "Shika ya bibi yako, wacha kulialia."

Nzau alimpiga risasi ya goti. Basi. Hakuwaza lolote, alikuwa na uchungu tu. Musili, aliyezoea kumwita Nzau ndugu, aliwasha pikapu akatokomea kabla mkubwa hajamaliza kupiga nduru. Soko zima nje lilisikia. Kituo cha polisi hakiko mbali. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi na bodaboda zilijaa nje, lakini Nzau aliketi sakafuni kando ya chupa zake. Akimbilie wapi?

Simu ikalia.

"Shemeji, uko wapi?" Winfred alinong'ona. "Nishaupata mshipa wa dada. Hajala tangu jana jioni, nilimwambia dawa inataka tumbo tupu. Anauliza kama umefika."

Buti za polisi zilikuwa zimeshaingia dukani. Nzau alisukuma bastola kando.

"Mwambie ale."